Sahani Moja Ndani ya Mashine

Kuku walikuwa wawili. Walilala chini ya dirisha la chumba cha eda, miguu juu, na hapana mtu Wambaa nzima aliyethubutu kuwaondoa. Majirani walikuwa wameshapitisha hukumu yao: nyumba ya marehemu Mzee Zahran imeingiwa na jini. Mashine yake ya zamani ya kuoshea vyombo ilikufa siku ile ile aliyokufa yeye. Mpya, aliyoiagiza kutoka Maskati angali hai, ikafika yeye yumo kaburini, na siku fundi alipoifunga jikoni tu, mjane wake Bi Rawya akaanguka na hakuinuka. Ukiongeza na kuku hao, nani atakwambia hayo ni mambo ya kawaida?

Inspekta Nusaiba alichuchumaa, akawatazama kuku bila kuwagusa. Yeye ni mzaliwa wa Chokocho, hadithi za namna hiyo amelelewa nazo, na kwa hiyo hazimtishi. Zinamuudhi tu.

"Jini akitaka roho ya mtu hana haja ya sumu," alimwambia Koplo Safari aliyesimama nyuma yake. "Na daktari kasema sumu."

"Watu wanasema yule fundi kamwaga hapa ile sabuni ya mashine, afande. Kuku wakaidonoa."

"Watu wanasema. Wewe umeiona?"

Koplo Safari aliinamisha kichwa. Hakuiona. Palikuwa na udongo mkavu, shina la mlimau na majani yake makavu, basi.

Simu iliita. Alikuwa Daktari Elineema, yule mama wa Kipare anayesimamia wodi ya wanawake huko Chake Chake, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala.

"Inspekta, si ile sabuni. Ingekuwa ile, mdomo na koo vingeungua. Havijaungua hata kidogo. Kuna kitu kingine kimeingia tumboni na sikijui. Sumu za madukani ni nyingi, na kila moja na tiba yake. Nikimpa tiba isiyo yake, namuua mwenyewe kwa mkono wangu. Yeye na mtoto."

"Mtoto bado yuko hai?"

"Mapigo yapo, ila yanazidi kupungua. Nitafutie jina la hiyo sumu. Jioni ikifika bila jina, usinipigie tena kuniuliza."

Nusaiba aliitia simu mfukoni. Mimba ya Bi Rawya ilikuwa siri ya ndani ya nyumba, na yeye aliijua jana tu. Mtu anakaa eda ya mume aliyempenda, amembebea mtoto ambaye baba yake hatamwona, halafu atokee kiumbe amtilie sumu! Alisikia hasira inampanda mpaka masikioni, akaimeza, akaelekea ndani.

Mlangoni alimkuta Fahd, mtoto wa kaka yake Mzee Zahran. Mtu wa makamo, kanzu imepigwa pasi, manukato ya oud. Ndiye aliyempeleka mgonjwa hospitali kwa gari yake, na ndiye aliyemnyooshea kidole fundi.

"Inspekta, huyo mtu wa bara bado mnamzungusha tu? Si alikuwa jikoni peke yake?"

"Tunafanya kazi, Bwana Fahd."

"Sawa, sawa. Na umeme je, wamesema unarudi saa ngapi?" Alitazama nyaya juu ya paa. "Maana tangu jana mchana umekatika. Ukirudi mnipe ruhusa niingie kidogo. Wageni wa msiba wanakuja, nataka vyombo viwili vitatu."

"Nyumba imefungwa kwa uchunguzi. Vyombo azima kwa jirani."

Fahd alicheka kicheko kifupi, akarudi barazani. Ila hakuketi.

Ndani kulikuwa kimya kizito. Madirisha yamefungwa, harufu ya udi imeganda, kioo cha ukumbini kimefunikwa kanga. Pazia jeupe lilitenganisha ukumbi na chumba cha Bi Rawya, kwa sababu mwanamke aliye edani haonwi na mwanamume asiyekuwa maharimu wake, na mwenye haja naye husema naye kutoka upande wa pili. Pazia lilikuwa linapepea kidogo, wakati dirisha la chumba lilikuwa limefungwa. Koplo Safari aliliona hilo, akasoma kitu kimoyomoyo, midomo ikimchezacheza.

"Upepo wa chini ya mlango huo," alisema Nusaiba. "Kamlete fundi."

Hilari, mtu wa bara aliyekuwa fundi wa mafriji na mashine huko Gombani, aliletwa na pingu mikononi. Mtu mnene, mpole, macho yamemvimba. Alisimama katikati ya jiko, akaitazama mashine aliyoifunga kwa mikono yake. Ilikuwa nyeupe na mpya, imekaa chini ya meza ya mawe pale ilipokuwa ile ya zamani.

"Nieleze. Polepole, tangu ulipoingia."

"Nilipokewa na bibi, afande, yule mzee. Nikafunga koki, nikafungua mipira ya ile mbovu, nikaitoa nje. Nikaingiza hii. Nikaunga mpira wa maji safi, nikaunga na wa kutolea maji machafu, ule unaokwenda kwenye bomba la shimo la karo. Nikaipima ikae sawa. Nikaiwasha tupu kuijaribu, ikamaliza mzunguko wote vizuri. Nikaondoka kabla ya saa sita mchana."

"Mgonjwa ulimwona?"

"Hapana. Alinishukuru kutoka kule kwenye pazia. Alisema Mungu akubariki, mzee wangu ndiye aliyeitaka hii. Basi. Sauti yake ilikuwa nzima kabisa."

"Ndani ya mashine uliacha chombo?"

"Hata kijiko. Na mlango niliuacha wazi kidogo, afande, ndo desturi yetu. Mashine mpya ukiifunga na unyevu wake inanuka."

Nusaiba aliitazama mashine. Mlango wake ulikuwa umefungwa, umebana.

Alitoka uani, alikokuwa ameketi Bi Mwanapili juu ya mbuzi ya nazi bila kukuna kitu. Huyu ndiye aliyemlea marehemu Zahran, akamlea na Fahd, na sasa alikuwa anamhudumia Bi Rawya edani. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa kilio.

"Shikamoo, Bi Mwanapili."

"Marahaba, mwanangu. Kafa?"

"Hajafa. Nisaidie asife. Hebu nitajie tena kila kilichoingia kinywani mwake jana. Kula na kunywa."

"Nshakwambia jana, nkakwambia na leo asubuhi. Uji wa nchele na pilipili manga. Chai ya mdalasini. Nkate wa kumimina, kipande. Embe mbichi na chumvi, kwa vile roho yantaka vikali. Na maji ya dafu. Na mie nimekula vivyo hivyo, chungu kimoja, sahani moja. Mbona mie nipo?"

"Hakuna kingine?"

"Wallahi hakuna kingine. Mie ntu nzima, nitakuficha nini?"

Hakuwa anaficha. Nusaiba amewahoji waongo wengi, na mwanamke huyu hakuwa mmoja wao. Hapo ndipo palipomtia wazimu.

"Ile mashine jikoni, ni weye uliyeifunga mlango?"

Bi Mwanapili alishtuka. "Mie? Kile kidude? Nikiguse kwa lipi? Cha mwanzo kimekufa na mwenyewe, hiki kimekuja kama kimetumwa. Vyombo vyangu naosha kwa nkono. Sikigusi, na sikisogelei."

"Na Bi Rawya?"

"Hajatoka chumbani tangu fundi kuja."

Basi nani? Nusaiba alirudi jikoni akiliuliza swali hilo kichwani. Fundi kauacha mlango wazi, bibi haugusi, mgonjwa hakutoka. Alinyoosha mkono kuushika ule mlango, na kabla vidole havijafika, ndani ya mashine kukalia kitu: *tii!*

Taa ndogo ya kijani iliwaka. Kisha maji yakaanza kwenda, shwaa, shwaa, yakipiga kuta za ndani, katika nyumba ambayo hapana aliyebonyeza chochote. Koplo Safari alirudi nyuma mpaka akagonga kabati. "Audhubillahi!" Uani, Bi Mwanapili alipiga ukemi. Hata Nusaiba nywele zilimsisimka, na hilo hakuweza kulikana.

Kisha taa ya dari ikawaka, na feni ya ukumbini ikaanza kuzunguka.

"Umeme!" alisema Hilari. "Umeme umerudi, afande. Mashine hizi zikikatikiwa katikati ya kazi, ukirudi zinaendelea pale pale zilipoishia."

"Katikati ya kazi? Si umesema ulimaliza?"

"Ya kwangu nilimaliza." Hilari aligeuka akamtazama. "Hii siyo yangu. Kuna mtu kaiwasha baada yangu."

Na umeme ukamkatikia. Jana mchana. Nusaiba aliruka. "Isimamishe! Inaosha ushahidi wangu!"

"Vuta mlango! Ukifunguka inasimama yenyewe. Vuta haraka, ikianza kunguruma kwa chini ndo inamwaga!"

Aliuvuta. Manyunyu membamba yakampiga usoni, na harufu aliyoijua tangu utotoni: zafarani na marashi ya mawaridi. Mashine ilinyamaza.

Ndani mlikuwa na sahani moja tu. Sahani pana ya kale, nyeupe, ukingo wa buluu. Imesimama peke yake kwenye waya wa chini. Nusu yake ilikuwa imeshasafika. Nusu nyingine bado ilikuwa na mistari ya rangi ya manjano, imepindapinda, na maji yaliyotuama chini kwenye chujio yalikuwa ya manjano vilevile.

"Kombe," alisema Koplo Safari kwa sauti ndogo.

Hilari hakuelewa. "Kombe gani, afande?"

"Dawa yetu," alisema Nusaiba, macho hayatoki kwenye sahani. "Shehe huandika aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani, inaoshwa kwa marashi na maji, mgonjwa anakunywa." Kisha akajipiga paji la uso. Jana kauliza, leo kauliza, kala nini, kanywa nini, na yeye mwenyewe, Mpemba wa kuzaliwa, kombe halikumpita kichwani. Alipiga kelele uani: "Bi Mwanapili! Jana Bi Rawya kanywa kombe?"

Bi Mwanapili alikuja mlangoni akitweta. "Kanywa. Adhuhuri. Kwani vipi?"

"Mbona hukuniambia?"

"Umeniuliza kala nini na kanywa nini, mwanangu. Kombe si kinywaji. Kombe maneno ya Mungu. Nilitaje pamoja na embe?"

Nusaiba alishusha pumzi. Angemlaumu vipi, na yeye hakuuliza?

"Nani aliyelileta?"

"Fahd. Kalipitisha chini ya pazia kwa adabu zake zote, kasema kaandikiwa na Shehe Hamzah, limlinde mama na mtoto."

"Na sahani hii ya nani?"

"Ya mama yake Zahran, Mungu anrehemu. Ndiyo ya makombe ya nyumba hii, huitwaa Fahd na huirudisha. Naitafuta tangu jana!" Aliiona ndani ya mashine, akashika kifua. "Yarabi! Nani kaitia humo? Maji ya kombe yanakwenda karoni? Ntu gani anafanya hivyo?"

Swali hilo ndilo. Nusaiba alilirudia kimya. Maji ya kombe hayamwagwi kwenye uchafu. Mtoto wa chuo anayejifunza alifu analijua hilo. Yanamwagwa kwenye shina la mti, mahali pasipokanyagwa. Aliyeitia sahani hii humu alikuwa nani, asiyejua? Hilari hajui, na kwa muda mfupi shaka yake ilitaka kurudi kwa Hilari. Lakini jana Hilari alikuwa keshaondoka kabla ya adhuhuri. Basi aliyebaki ni mtu anayejua, na bado akafanya.

Alimpigia simu Shehe Hamzah. Mzee alijibu kwa mashaka. "Kombe? Mimi, binti yangu? Macho yangu yana mtoto wa jicho, tangu mwezi wa Ramadhani sijashika kalamu. Fahd alipita kwangu, ndiyo. Aliomba zafarani tu, nikampa."

"Bi Mwanapili," alisema Nusaiba alipokata simu, "Mzee Zahran hakuwa na mtoto mwingine?"

"Hakujaaliwa. Huyo wa tumboni ndiye wa kwanza."

"Na akizaliwa wa kiume, mtoto wa kaka anarithi nini?"

"Hapati kitu," alijibu Bi Mwanapili, na neno likamrudia mwenyewe. Machozi yalianza kumtoka taratibu. "Wa kiume," alinong'ona. "Walimpiga picha hospitali, wakasema wa kiume. Na mie kwa furaha zangu nkamwambia Fahd. Mie mwenyewe, kwa kinywa changu."

Nusaiba alichota kwa kikombe maji ya manjano, akayatia kwenye chupa safi, akaifunga na kumpa Koplo Safari avipeleke garini pamoja na sahani, naye Bi Mwanapili akatoka uani kufuta machozi. Kisha akatia maji ya bomba kwenye beseni, akakwangua masalia ya zafarani ya Bi Mwanapili kutoka kabatini, akayakoroga. Yakawa ya manjano. Koplo Safari aliporudi aliliona beseni, akadhani ni maji ya mashine, wala Nusaiba hakumweleza.

"Mwite Bwana Fahd aje uani. Mwambie umeme umerudi."

Fahd alikuja haraka. Alipoiona mashine imefunguka, hatua yake ilipungua kidogo, kisha ikaendelea. Nusaiba alikuwa uani, amesimama juu ya karo, shimo la maji machafu, na beseni mikononi. Taa ya uani ilikuwa inawaka mchana kweupe.

"Tumekuta maji haya kwenye mashine," alisema. "Na sahani ya kombe. Sijui ya nini. Nayamwaga."

Akaliinamisha beseni.

"Afande, si hapo!" Koplo Safari alipiga hatua mbele, mkono mbele, kasahau cheo chake.

"Mwanangu, wacha!" Bi Mwanapili alijitupa akalishika beseni kwa mikono miwili. "Yana maneno ya Mungu! Wacha, kwa haki ya mama yako!"

Fahd hakujongea. "Mwaga tu, Inspekta," alisema. "Hayo hayana kitu."

Koplo Safari alimgeukia Fahd, mkono bado mbele.

"Hayana kitu," alirudia Nusaiba, na akaliweka beseni chini. "Bibi huyu keshataka kunivunja mkono. Koplo wangu keshanipigia kelele. Wewe uliyelileta kombe hilo, umejuaje kuwa halina kitu?"

Fahd alitazama beseni.

"Hukumwogopa Mungu kuyapeleka maji ya sahani ile karoni, kwa sababu ulijua hapana aya juu yake. Ulichorachora mistari. Ungeiosha mwenyewe, Bi Mwanapili angekuona, na ni lini mwanamume wa nyumba hii kaosha sahani? Ungeiiba, angeitafuta. Mashine bibi haigusi. Ukaitia, ukabonyeza, umeme ukakatika, na watu wakajaa. Ndiyo maana tangu asubuhi unauliza umeme. Shehe Hamzah nimeshasema naye."

"Huna..."

"Sitaki maneno yako, utayasema mahakamani. Nataka kitu kimoja. Umemtilia nini?"

Fahd aligeuza uso upande wa mlango. Nusaiba alimpigia Daktari Elineema, akaiweka simu kwenye sauti kubwa juu ya mbuzi ya nazi. "Daktari, nipo na mtu anayejua."

"Aseme basi!" sauti ya daktari ilijaa uani. "Mapigo ya mtoto nayasikia kwa shida. Aseme!"

Bi Mwanapili alimwendea Fahd. Nusaiba alidhani atampiga. Hakumpiga. Alimshika kanzu kifuani, kama mtu anayemfunga mtoto vifungo.

"Mie nilikubeba mgongoni weye," alisema. "Homa yako ya manjano nilikesha nayo, mama yako kachoka. Makombe yote uliyokunywa udogoni ni mie niliyekunywesha, kwa sahani ile ile. Fahd. Nambie, mwanangu. Nambie mie."

Fahd aliishika mikono ya bibi.

"Kopo liko garini," alisema. "Chini ya kiti cha dereva. Dawa ya panya."

Koplo Safari alikimbia, akarudi nalo limeshikwa kwa kitambaa. Nusaiba alimsomea daktari jina lililo kwenye kopo, neno kwa neno, kisha akalirudia.

"Nimelipata. Tiba yake ninayo hapa hapa. Kata simu," alisema daktari, na yeye ndiye aliyekata.

Fahd alifungwa pingu zilizotoka mikononi mwa Hilari. Hilari alibaki akijisugua vifundo vya mikono, hakutaka kuondoka kabla hajasikia. Hapana aliyeondoka. Walikaa uani wote, Nusaiba, Bi Mwanapili na fundi, simu iko katikati yao juu ya mbuzi, na kila mmoja anaitazama. Hilari alisali kwa dini yake, bibi kwa yake. Bi Mwanapili alimletea fundi chai bila kuulizwa, na hilo lilikuwa ndilo la kumwomba radhi.

Adhana ya magharibi ilikuwa bado haijasomwa simu ilipoita.

"Kafungua macho," alisema Daktari Elineema, na safari hii sauti yake ilikuwa imelowa. "Mtoto mapigo yake yamepanda, yanapiga vizuri. Sijui kwa nini hakufa jana ile ile. Kipimo kilichokuwa kwenye sahani kilikuwa cha kumaliza mtu."

Bi Mwanapili aliinama, akagusa ardhi kwa paji la uso.

"Ila kuna neno ananing'ang'aniza nikufikishie, silielewi vizuri," aliendelea daktari. "Anasema Shehe Hamzah aambiwe amwie radhi. Lile kombe hakulimaliza. Kichefuchefu kilimzidi, akanywa kidogo tu, lakini Fahd alipomuuliza kwenye pazia alimwambia kalimaliza, maana aliona haya. Lililobaki kalimwagia dirishani, kwenye shina la mlimau, pasipokanyagwa na mtu. Anauliza kama kafanya dhambi."

Nusaiba aligeuka akatazama upande wa dirisha. Kuku wawili bado walikuwa pale, chini ya mlimau, miguu juu.

"Mwambie hana dhambi, daktari," alisema. "Mwambie Shehe kamsamehe."